Vigae vya Mtungi Uliouvunja

Boma la Mzee Omondi,
S.L.P. 31,
Sori.
9 Machi 2025

Mpendwa shemeji Paul,

U hali gani huko Doha, na lile jua limekuachia ngozi kweli? Sisi tu wazima. Mama bado analalamikia magoti, lakini ugali anaumaliza, kwa hiyo sina wasiwasi.

Pole sana kwa kazi kupungua. Uliposema kwenye simu kwamba umefika miaka arobaini na hujaacha cha maana hapa nyumbani, niliumia. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unajua kaka yako Caleb anafyatua matofali ya urembo, yale yenye matundu ya maua, kwa ajili ya ukuta wa mbele wa kanisa letu. Udongo anautoa hapa hapa mtoni. Basi tanuri la kwanza, matofali yote yakapasuka. La pili vilevile. Caleb akasema la tatu likiharibika ataenda Osiri kuchimba dhahabu. Tangu jirani yetu Boaz afukiwe kwenye yale mashimo, jina hilo linanitia baridi. Nililia, tena mbele yake, sikuona haya.

Mama, ambaye hajafinyanga mtungi tangu watu wahamie kwenye jerikeni za plastiki, akajikokota hadi penye udongo, akaonja kidogo kwa ulimi. Alimgombeza Caleb: "Nyathina, mwanangu, mbona hukuniuliza? Udongo huu unataka mwenzake aliyeonja moto."

Mwana wa mfinyanzi, na hakuwahi kuuliza! Eti mambo ya mitungi ni ya wanawake.

Nyuma ya ghala Mama alikuwa na gunia la vigae. Karibu vyote ni vya dapi, ule mtungi mkubwa wa maji uliouvunja kwa mpira ulipokuwa mdogo, nawe ukajificha kwenye shamba la mtama kutwa nzima. Hakutupa hata kipande! Tukavitwanga, tukachekecha, tukachanganya na udongo ili usipasuke tena motoni. Kisha Mama akaviringisha kamba yake ya kusokotwa juu ya kila tofali, kama alivyokuwa akipamba shingo za mitungi.

Jumanne tulifungua tanuri. Yametoka mekundu, mazima. Caleb haendi Osiri.

Wanangu Damaris na Austine wanakusalimu, na shangazi Priscilla pia. Mungu akufungulie mlango mwingine wa kazi huko, na akurudishe salama.

Mama anasema ameshakusamehe mtungi, mpira bado. Tena nikuambie hivi: vigae vyako ndivyo vilivyoshika matofali ya ukuta wa kanisa, na mume wangu yuko nyumbani.

Shemeji yako akupendaye na kukuombea,
Roselyn