Mdomo wa Mtutu

Kizuka, Rumonge

Dada yangu Jovita, amahoro.

Michikichi imezaa vizuri, na chumba chako nimekipaka chokaa. Lakini kabla hujafunga mizigo huko Kigoma, soma hili.

Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, wapiganaji waliniletea bunduki kuukuu zilizotawanya risasi. Nilisawazisha midomo ya mitutu iliyokwaruzika, nikawafundisha kuingiza ufito wa kusafishia kutoka nyuma, usikwaruze mdomo wa mtutu.

“Sasa inapiga unapolenga, fundi,” mmoja akaniambia akicheka. Nikafurahi.

Wiki ileile walivuka mpaka kuingia Burundi. Mumeo Seth, waliyemwita msaliti kwa kurejea kijijini Gatete mapema, walimuua kwa risasi moja, kutoka mbali.

Bunduki zile kabla sijazigusa zingemkosa. Amua ukiwa huko kama bado unataka kuishi nami.

Nduguyo aliyechelewa kusema,
Ndayisaba