Miwani na Programu ya Zamu

4 Mei

Mwanangu,

"Shangazi, sijaiba kitu. Nimeandika kila mstari upya kwa lugha nyingine ya kompyuta, kwa hiyo programu ni yangu." Hayo ni maneno yako. Kabla sijayavunja nakusalimu, maana hasira haifuti adabu: hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yananinunia.

Sasa sikiliza. Anayetafsiri kitabu huandika kila neno upya, na jina la mtunzi hubaki kwenye jalada. Programu ile ya kupanga zamu za wauguzi niliitunga na mwenzangu Miwani, tukaitoa bure. Leseni yake haina roho mbaya: chukua, geuza, hata uza, ila majina yetu na maneno ya leseni yabaki. Umefuta vyote viwili! Mimi ni shangazi yako, nitameza. Miwani si shangazi yako. Amemaliza sehemu ya pili, ile inayowaepusha wanaonyonyesha na zamu za usiku, na alikusudia kuitoa bure vilevile. Tangu aone faili lako, hataki hata kuitaja. Rudisha majina, umwandikie.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi, shikamoo.

Kifua kimepona, pole kwa magoti. Mkuu wangu wa kazi amecheka: eti majina ya wazee juu ya faili ni kama vumbi juu ya kabati. Nikimbishia kabla hatujakabidhi kazi hospitali, ataniona mkorofi. Vuta subira, tukishakabidhi nitarekebisha. Halafu, ile mistari ya wiki ya mwisho wa mwaka ilikuwa ya nini? Sikuielewa, nikaihamisha ilivyo.

Mwanao

14 Mei

Marahaba.

Umehamisha usichokielewa, halafu unasema ni chako! Mistari hiyo ni ya Miwani, sikuwahi kuigusa. Kamuulize mwenyewe. Na huyo wa vumbi mwambie leseni ni sharti, si pambo. Asiyetaka sharti letu aandike yake tangu mwanzo, bila kuchungulia yetu.

Shangazi yako

2 Januari

Shangazi, shikamoo.

Hujambo? Najua nimepotea. Niliona haya kumuuliza Miwani kitu huku nimefuta jina lake.

Juzi programu iliwarudisha kazini wauguzi waliotakiwa kupumzika. Mmoja, wa wodi ya watoto, aliunganisha zamu mpaka akaanguka na sinia la dawa. Amevunjika mkono. Msimamizi wake alifungua faili kutafuta wa kumpigia, akakuta jina la kampuni tu, na ofisi tulikuwa tumefunga kwa likizo.

Nikaenda kwa Miwani. Alinifungulia mwenyewe, akanivutia kiti. "Mbona umekonda, bwana mdogo?" Nikamweleza. Akaisoma ile mistari, pua imegusa kioo cha kompyuta.

"Lugha yetu ya kompyuta ilikosea kuhesabu wiki ya mwisho wa mwaka, ndiyo maana nikasogeza zamu mbele. Yako haikosei. Umemtibu asiyeumwa."

Nikamwambia majina na leseni nimevirudisha asubuhi ile. Nikauliza habari ya sehemu ya pili.

"Niliifuta mwezi wa saba, na nakala zake. Niliona natwanga maji kwenye kinu."

Heri angenigombeza. Aliniuliza tu, "Yule muuguzi ana watoto?"

Mwanao

9 Januari

Mwanangu, marahaba.

Nilikwenda kumbembeleza Miwani. Hana kisasi, macho yamefifia, hawezi kuianza upya ile sehemu ya pili. Wanaonyonyesha wataendelea kukesha wodini, na mimi niliyeshinda mabishano maisha yangu yote sina neno la kurudisha kilichofutwa. Ulichelewa, mwanangu. Ungemwandikia mwezi wa tano, angekujibu siku ileile.

Barua hii isome kwa sauti ofisini, mkuu wako akisikia. Ninyi nyote mnaohamisha programu za watu kwenda lugha nyingine: fungueni leo kila faili mlilohamisha. Andikeni limetoka wapi na kwa nani, rudisheni leseni neno kwa neno. Kisha mwandikieni kila mwenye kazi, mmoja mmoja, mkitia majina yenu chini. Fanyeni hivyo kabla hamjakabidhi kitu kingine chochote.

Shangazi yako