Mikono ya Kibibi

12 Januari

Mdogo wangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila mgongo wangu haujapumzika tangu shule zifunguliwe. Sare ishirini na sita kwa wiki moja, na kila mzazi ya kwake ndiyo ya haraka. Wewe hujambo? Mwanangu Kibibi hajambo? Kile kikohozi kimeisha?

Nimeandika barua kwa sababu ile simu ya video, ya kumpitia jirani, siitaki tena. Usipige. Jumapili mlikaa pale wewe na mwanangu, mikono inaruka, mnacheka mpaka mnashika mbavu, na mimi nimeshikilia simu ya watu kama mgeni aliyekosea nyumba ya harusi. Nikauliza anasema nini, ukanijibu, "Aah, mambo ya darasani tu." Mambo gani ya darasani yanachekesha hivyo? Nina wivu. Haya, nimesema.

Najua tulikubaliana. Alipotimiza miaka mitano, shule ya hapa ikasema haina mwalimu wa viziwi, ni mimi niliyefunga begi nikamleta kwako, kwenye hicho kitengo chenu cha viziwi. Alikuja hajui hata kuomba maji, leo yuko darasa la pili. Nashukuru, mdogo wangu, sina roho ya kukana hilo. Lakini likizo akija kwangu, siku ya pili tu ananishika mkono ananipeleka dirishani na kunionyesha barabara ya stendi.

Halafu kuna jambo nakuuliza tangu mwaka juzi hunijibu. Umesema Kibibi ana jina la alama ya mkono kwa kila mtu: mpishi ni hivi, mlinzi ni hivi, mwalimu mkuu kwa upara wake ni hivi. Mimi ananiitaje?

Dada yako

30 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo, na wewe mvivu wa kupumzika. Kikohozi kimeisha, jino la mbele limeng'oka, na kila anayeingia kitengoni analazimishwa kulitazama pengo.

Sasa nisikilize. Ofisi ya elimu inataka kuvifunga vitengo kama chetu, kila mtoto asome shule iliyo karibu na kwao, darasa moja na wenzake wanaosikia. Kwenye karatasi ni tamu, hata mimi ningependa. Ila nimesoma waraka mara tatu: hakuna wakalimani, hakuna walimu wa kuongezwa, hakuna hata vifaa vya kusikia. Mimi nina watoto kumi na tisa na vifaa viwili, wanapokezana. Huko watapokezana nini?

Kamati inazunguka kuchukua maoni ya wazazi, na Machi itafika mjini kwenu. Nenda ukaseme. Mimi nikisema wataona natetea kibarua changu. Waambie watoto wasiondolewe mpaka msaada uwe umefika kwanza.

Kuhusu jina, dada, usiharakishe. Mtoto humpa mtu jina baada ya kukaa naye na kuongea naye. Mara mbili nimekualika wiki ya wazazi uje ujifunze alama, mara mbili ukasema sare. Njoo Aprili.

Mdogo wako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Hali nitauliza siku nyingine.

Taarifa ya kamati imetufikia. Ukurasa wa tisa wameandika hivi: "Mzazi mmoja, fundi cherehani, mama wa mtoto kiziwi, alisema: Mwanangu si kifurushi cha kutumwa kwa basi. Mrudisheni asome nyumbani, mama hana mbadala. Ukumbi ulipiga makofi."

Mji wenu una mafundi cherehani wangapi wenye mtoto kiziwi?

Kitengo kinafungwa mwisho wa Juni. Watoto kumi na tisa, dada. Mimi nimepangiwa darasa la nne shule nyingine, kufundisha hesabu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umeishona wewe.

Mwalimu

9 Mei

Mwalimu,

Marahaba. Mimi mzima, asante kwa kutouliza.

Ndiyo, ni mimi. Nilikwenda na maneno yako nimeyakariri vizuri kabisa: wakalimani, vifaa, msaada kwanza. Mwenyekiti akaniita, nikasimama, na jambo pekee lililonijia kichwani ni kwamba mwanangu amempa jina mlinzi wa geti, mimi hajanipa. Maneno yako yakayeyuka, yangu yakatoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wakapiga makofi, na sikudanganyi, nilifurahi.

Wewe una darasa, una mshahara, una watu wanaokuamkia njiani, na bado mtoto wa mwenzio anakukimbilia wewe akianguka. Mimi nina cherehani. Kwani ningekuachia mpaka lini? Mpaka aolewe?

Mlete tarehe thelathini Juni. Nimeshamshonea sweta la shule, la bluu, lina mifuko mikubwa miwili.

Mama yake

20 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, mbili hukujibu. Nilimkabidhi Kibibi mikononi mwako pale stendi, ukanigeuzia mgongo, nami sikulalamika. Lakini niambie: ameketi mbele? Mwombe mwalimu wake asiongee akiwa amewapa wanafunzi kisogo. Mwambie aandike zaidi. Ameota jino?

Utanicheka. Nyumba yangu imekuwa kimya. Alikuwa akinigongea meza kuniita, chai inamwagika, namfokea. Sasa chai haimwagiki.

Mdogo wako

14 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujambo? Miye mwili mzima, moyo ndio hauko sawa. Nisamehe kukunyamazia. Nilikuwa nangoja nipate habari nzuri ya kukuringishia, sikuipata.

Wako themanini na wanane darasani. Mwalimu wake si mtu mbaya, ni binti mpole, amenililia mwenyewe, anasema hakuna aliyemfundisha alama hata moja. Kibibi ananakili kila kilichoko ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza, hadi zamu za kufagia. Nikifungua daftari moyo unaruka kwa furaha, kisha namwonyesha neno moja, ananitazama tu. Wenzake wanamwita Bubu.

Jino limeota. Lakini mikono ameacha kuitumia. Kutwa ameitia mfukoni, mwanangu, kwenye ile mifuko niliyomshonea kwa mbwembwe. Shuleni mfukoni, njiani mfukoni, mezani anaitoa kula tu. Nilipata nilichokitaka: mtoto yuko nyumbani, haendi dirishani kuonyesha stendi, haonyeshi chochote. Wiki iliyopita nikachukua mkasi nikaibandua ile mifuko yote miwili. Akanikodolea macho, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Juni.

Jumatatu kamati ilirudi kuangalia utekelezaji. Nikafunga cherehani, nikampeleka. Mwenyekiti akanikumbuka, akasema, "Aa, yule mama wa makofi!" Nikamwambia leo sisemi mimi, atasema mwanangu. Nikampandisha juu ya kiti.

Mdogo wangu, aliongea! Mikono ilitoka kama maji bombani, kama nusu dakika, ananionyesha mimi, anawaonyesha wao. Mwenyekiti akainama kwangu, "Anasema nini, mama?"

Nikamjibu, "Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikawaambia ya Machi nilisema kwa wivu, wayafute yale ya ukurasa wa tisa. Mwenyekiti akasema yaliyoandikwa hayafutiki, ila suala la vitengo litajadiliwa upya kabla ya Januari. Akaandika kitu. Sijui kama ni hilo au alikuwa anajaribu kalamu.

Tukarudi nyumbani, nikamketisha kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikamwomba kwa ishara zangu za kijinga arudie polepole. Kuandika bado, anajua maneno mawili matatu. Ningeazima simu ya jirani nimrekodi, lakini nilitaka kuyapitisha kwenye mkono wangu mwenyewe. Kila alama nimeichora kwenye karatasi ya kukatia mashati. Nikikosea alinipiga kofi la mkononi, nikachora tena. Michoro kumi na miwili, nimeitia humu. Nisomee. Hata kama ananisema vibaya, nisomee yote.

Dada yako mjinga

23 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Umewachorea wanadamu vidole sita, lakini nimesoma.

Nianze na langu. Hata mimi nilikuwa na wivu. Kila likizo ikikaribia alikuwa akichora mistari ukutani kuhesabu siku za kuja kwako, na mimi nikimaliza kufagia naifuta miwili mitatu isionekane imekaribia. Ile Jumapili ya simu tulikuwa tunacheka habari zako, jinsi unavyolala na futi ya kupimia shingoni. Ningeweza kukuambia. Sikutaka. Nilitaka awe na kitu ambacho ni changu peke yangu.

Sasa michoro. Wa pili ulinisumbua. Vidole viwili vimebana kitu kisichoonekana, vinakivuta kuelekea kwenye meno. Niliutazama siku nzima, sikumfundisha alama hiyo, kitengoni haipo. Leo asubuhi nikaelewa: ni mtu anakata uzi kwa meno. Nimekwambia tangu utotoni utayavunja hayo meno. Hiyo ni wewe, dada. Hilo ndilo jina lako, amekupa mwenyewe, akiwa kwako.

Yote kumi na miwili inasema hivi:

"Huyu, Mkata Uzi, ni mama yangu. Mimi najua kuongea, yeye hajui. Anajaribu kila siku, anakosea. Msimcheke. Mtafutieni mwalimu."

Mwalimu amepatikana. Nimeomba ruhusa ya wiki tatu, nafika Ijumaa kwa basi la saa nne. Safisha meza ya kukatia.

Mdogo wako