Dhiil ya Nunow

Nairobi, 4 Februari 1950

Kwako Eedo Shurie, dada wa marehemu baba yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenishika kifua. Mguu wako unaendeleaje? Na mke wangu Rukiyo, bado anakutekea maji mtoni?

Memsabu ninayemhudumia mezani amehamia nyumba kubwa, anataka kuipamba kwa vitu vya kwetu: mikeka, kengele za mbao za ngamia, na dhiil, vile vyombo vya maziwa vya kusukwa. Vipya havitaki. Anataka vilivyotumika, vyenye masizi. Akivipata, atamsemea Rukiyo kwa wakubwa apewe pasi ya serikali ya kusafiri kunifuata.

Mwanao,
Abdow

Garissa, 19 Machi 1950

Mwanangu Abdow,

Waaleikum salaam. Mguu umevimba lakini natembea. Rukiyo hajambo. Karani wa sokoni ndiye anayeniandikia, nimemwambia asipunguze neno.

Nimezunguka soko siku tatu. Mikeka nimepata kwa wanawake wanaoipanga ukutani, kengele kwa mchongaji mmoja mzee. Dhiil za zamani anazo mchuuzi mmoja tu, Gelle. Anazileta kwa lori kutoka Modogashe. Mvua imekosa misimu miwili, watu wanampa vyombo vya nyumba zao kwa vikombe vya unga. Amevirundika juu ya ngozi mbichi, nzi wamevijaa. Vilivyo vipya anavipaka mafuta yaliyooza na masizi vionekane vizee. Nilishika kimoja, mkono ukaninuka mpaka jioni, chakula kikanishinda.

Ndani ya rundo nikaiona dhiil ya Nunow, ile yenye kauri shingoni. Nikamwuliza Gelle, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Nyuma ya lori. Anangoja unga wake."

Nikamkuta amekaa vumbini, mifupa mitupu. Ni Nunow yule aliyekunyonyesha miaka miwili mama yako alipokufa. Nimemchukua kwangu, na dhiil nimeinunua. Bado sijamwambia. Nimrudishie, au nikutumie wewe? Nataka jibu kutoka kwako.

Eedo wako,
Shurie

Nairobi, 11 Aprili 1950

Eedo mpendwa,

Salaam nyingi, natumaini hamjambo. Itume. Umesema mwenyewe nyingine zimepakwa mafuta, na memsabu si mjinga. Nunow nitamtafutia nyingine. Miaka mitatu sasa silali na mke wangu, Eedo. Nihurumie.

Mwanao,
Abdow

Garissa, 2 Mei 1950

Abdow,

Salaam. Nimeituma pamoja na mikeka na kengele. Nilimwambia Nunow kwamba unaitaka, basi. Akaifuta, akaifukiza moshi ndani kama tunavyofanya kabla ya kutia maziwa, akasema, "Mwanangu amekumbuka maziwa ya kwetu." Sikumsahihisha.

Sokoni nilidhani hakuna atakayenitia kinyaa kumzidi Gelle. Lakini Gelle hakunyonya kwake.

Eedo wako,
Shurie

Nairobi, 25 Mei 1950

Eedo wangu,

Asalaam aleikum. Sijui nianzie wapi. Memsabu aliifurahia dhiil, akaiweka sakafuni karibu na mlango. Juzi walikuja wageni. Akaona mbwa wake ana kiu, akaifunua dhiil na kuilaza, akamtilia maji kwenye kifuniko chake. Mbwa akanywa, kisha akaingiza pua na ulimi ndani ya dhiil yenyewe. Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia, nikaendelea kumimina chai.

Walipoondoka nikaiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyoagiza. Asubuhi memsabu akairudisha pale pale, na mbwa akairudia. Naionea kinyaa mikono yangu, Eedo. Pasi ya Rukiyo imetoka, itafika ofisi ya D.C. huko. Tafadhali Nunow asijue.

Mwanao,
Abdow

Garissa, 20 Juni 1950

Abdow,

Salaam. Nunow ameanza kutembea kidogo. Ameniuliza unanywea maziwa gani, ya ng'ombe au ya ngamia. Nikasema ya ngamia. Akauliza, "Nairobi kuna ngamia wa nani?" Nikatoka nje kutema mate.

Karani wa sokoni nimemwambia amsomee Rukiyo barua yako yote. Hakulia. Leo asubuhi ameitwa ofisini akapewa pasi, akairudisha mezani. Karani wa ofisi akamwuliza kama ni mgonjwa. Akajibu, "Mzima. Sitaki kulala katika chumba ambacho mbwa amenilipia."

Amerudi, anamsugua Nunow miguu kwa mafuta.

Ni mimi,
Shurie