Spana ya Mama Mwenye Nyumba

Mjukuu wangu Salma,

Huku Landani tu wazima, ila bibi yako analalamikia baridi. Umeniuliza mfereji wa maji wa zamani unafunguliwa kwa plaizi au spana.

Nilipofika huku baada ya Mapinduzi, nilipanga chumba kwa mjane wa Kiingereza. Mfereji ukavuja. Nikaukaza kwa plaizi, kama tulivyozoea nyumbani, nati ikalika kingo. Nikaifunika kwa kitambaa, nikiogopa kufukuzwa.

Mama yule akakifunua. Akanionyesha alama kuukuu za plaizi upande wa pili wa nati. "Hizi za marehemu mume wangu," akasema. "Spana aliinunua baadaye."

Spana hiyo aliniachia, nami nimekutumia pamoja na barua hii. Na kama plaizi imeshapita kwenye nati, mwanangu, usiifunike kwa kitambaa. Niambie.

Babu yako