Safu ya Mimba

Jumatatu, 1 Julai 2024

Wiki yangu ya tatu ya ukarani kwenye duka la dawa za mifugo, hapa Ihanda. Watu wengi leo – msimu wa kahawa, punda wamebebeshwa mno. Mzee Amoni kaleta punda jike anayechechemea mguu wa mbele. Daktari Gwamaka akachukua sindano ya deksa. Ndiyo dawa yake ya kila kitu: uvimbe, kikohozi, kuchechemea. Habibu, dereva wa fuso, akatania: "Daktari, nichome na mimi goti hili!" Wakacheka.

Mkamwana wa mzee, mama Ketrina, alikuwa nyuma ya mlango, kanga usoni. Kwao mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe, sembuse kutaja mimba. Akaninong'oneza: "Mwanangu, mwambie Daktari huyo punda ana mimba, mwezi wa kumi na moja. Mimi siwezi kuongea pale." Punda hubeba mwaka mzima – umebaki mwezi mmoja tu! Nikaandika kwenye daftari, safu ya mimba: ndiyo. Nikamsogelea Daktari. Samahani, Daktari... Hakugeuka hata. "Wewe andika, mimi nitibu." Wakacheka tena. Nikakaa, naye akachoma.

Jumanne, 2 Julai 2024

Sindano ya pili. Punda anatembea! Mama Ketrina akanishukuru kwa mbali, kwa kichwa. Anadhani nilisema.

Jioni nimesoma karatasi ya ndani ya boksi. Mnyama mwenye mimba kubwa asipewe, anaweza kuitupa. Na kwa farasi na punda dawa hii inaweza kuharibu kwato. Nimeisoma mara tatu. Kesho nitasema.

Jumatano, 3 Julai 2024

Sindano ya tatu. Sikusema.

Ijumaa, 5 Julai 2024

Ametupa mimba. Mzee Amoni amekuja kusema asubuhi. Mtoto dume, ana manyoya yote, na ule msalaba mweusi mgongoni umeshajichora. Hakupumua.

Daktari ameshangaa kweli. "Mimba? Mimi nilijua kashiba pumba!" Akanigeukia: daftari linasemaje? Nikasema nitaangalia.

Mchana duka lilikuwa tupu. Nikachukua wembe. Nikakwangua "ndiyo" taratibu, nikapuliza vumbi, nikaandika "hapana". Mwandiko mzuri kabisa. Kule kwetu Chitete baba anawaambia watu mwanawe anafanya kazi kwa daktari.



Jumapili, 7 Julai 2024

Baada ya ibada mama Ketrina amenishika mkono, mlangoni pa kanisa. Hakunilaumu. Labda Mungu hakupenda, alisema. Kisha: "Ila wewe ulimwambia, mwanangu?"

Nikasema nilimwambia. Pale pale, Biblia kwapani.

Anasema punda sasa hataki kutembea. Anaegemea nyuma, kama anaikwepa miguu yake mwenyewe. Kwato zina moto kama kikombe cha chai. Bila yule punda kahawa itaozea shambani – atakayeibeba kichwani ni mama mwenyewe. Kesho wanamleta.

Kwato. Karatasi ilisema.

Jumatatu, 8 Julai 2024

Naandika haraka, nimesimama chumba cha ndani.

Wamefika. Daktari kamtazama punda, kasema maumivu tu hayo, deksa nyingine yataisha. Akavuta dawa. Mama Ketrina nyuma ya mlango ananitazama. Mimi naitazama meza.

Akatoka! Mbele ya mkwe wake, uso wazi. Mzee Amoni akageukia ukuta. "Daktari, usimchome. Wiki ile nilituma neno kwamba ana mimba. Karani alikuambia, na bado ukachoma."

Daktari akasema hajaambiwa na mtu. Hana hasira, hata kidogo. "Mama, karani wangu ni mwangalifu. Ungesema, angeandika. Karani, lete daftari tumalize ubishi."

Habibu akadakia: "Mama, usije ukamsingizia mtu!"

Ninalo mkononi. Nimeliinua dirishani. Pale nilipokwangua karatasi imebaki nyembamba, mwanga unapita. Lakini nani ataliinua? Watasoma "hapana". Mzee atasikia mkamwana wake amevunja mwiko kwa uongo. Na sindano itaingia.

Daktari ananiita mara ya pili. Bado ameishika, nimemwona kupitia pazia. Punda amesimama kwa visigino.

"Karani! Hulioni?"

Naliona, Daktari –