Malaika wa Barabarani

Rosettenville, Jumapili

Kaka Parfait,

Huku ugenini tu wazima. Baridi imeanza, na saluni ina wateja.

Leo kwaya iliimba lile shairi lako nililowapa, la malaika wanaoshuka barabarani na damu mabawani. Waumini wakasema ni maono ya mbinguni. Sikuwaambia kwamba uliliandika baada ya maandamano, askari walipowaua wenzako na kukuvunja mkono.

Ibada ilipokwisha, mlinzi wa kanisa letu, Évariste, akanifuata. Zamani alikuwa askari huko kwetu.

“Dada, wale hawakuwa malaika,” akasema taratibu. “Aliyeandika alikuwepo?”

Nikaitikia. Akatazama chini.

“Mkono wake ulipona?”

Kaka, habari za mkono wako sijamwambia mtu yeyote huku. Nimjibu nini?

Mdogo wako,
Héritière